Barua kwa mwanangu anayeandika tangazo la kuzima huduma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako za Jumapili zimefika, na baba yako amezipokea kwa furaha. Sisi huku Dodoma hatujambo. Joto limeshika, mawingu yanapita juu ya Mlimwa bila kutuachia kitu, lakini afya ipo.

Dhumuni la barua hii ni lile jambo ulilonigusia ukiwa unakimbilia daladala: kwamba ofisini kwenu mnazima huduma ya zamani ya barua pepe za wateja wa majumbani, na bosi wako amekupa wewe kazi ya kuandika tangazo. Ukasema waliobaki ni wachache, wengi wao watu wazima, na kwamba mistari mitatu itatosha. Mama, haitatosha. Niliwahi kuwa mteja wa namna hiyo, na ulikuwa mdogo mno kuyajua yaliyotupata.

Duka letu la karibu na soko la Majengo unalikumbuka kama mahali pa daftari na fotokopi. Kabla hujaanza shule lilikuwa pia posta ya watu wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilinunua kompyuta iliyotumika, nikaomba laini ya pili ya simu ya mezani, nikajiunga na kampuni ya intaneti yenye makao yake Dar es Salaam. Siku hizo kuingia mtandaoni kulikuwa ni kupiga simu hasa. Modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na waya wa simu, ilipiga namba ya kampuni, ikapokelewa na modemu nyingine upande wa pili, kisha zile mbili zikapigiana miluzi na mikwaruzo mpaka zikubaliane mwendo wa kwenda nao. Mwanzoni namba yenyewe ilikuwa ya Dar, kwa hiyo kila dakika tulilipia kama simu ya mkoa kwa mkoa. Kampuni ilipoweka mitambo yake hapa mjini tukapata nafuu, ila malipo yakabaki ya sehemu mbili: ada ya mwezi kwa watu wa intaneti, na dakika kwa watu wa simu. Dakika zilihesabiwa hata kama ukurasa haujafunguka.

Ndiyo maana hakuna aliyekaa mtandaoni. Barua ziliandikwa laini ikiwa imekatwa. Watu walikuja na karatasi walizoandika kwa mkono, au walikaa kwenye kile kiti cha plastiki wakanisimulia mimi nikichapa. Jioni nilipiga namba. Mara nyingi ilikuwa bize, kwa sababu kampuni ilikuwa na laini chache kuliko wateja, na aliyewahi ndiye aliyeingia. Ikipokelewa nilituma zote kwa mkupuo, nikapokea zote zilizokuja, nikakata. Kisha nilizichapisha kwenye printa, nikazikunja, nikaandika jina la mwenyewe kwa kalamu na kuziweka kwenye droo.

Anwani ilikuwa moja tu, ya duka. Unajua jinsi S.L.P. ya parokia au ya shule inavyopokea barua za kijiji kizima. Yetu ilifanya kazi hivyo hivyo. Anayeandika aliweka jina la mlengwa kwenye kichwa cha barua, na mimi nikajua ni ya nani. Walikuwapo wanachuo wa Mipango waliokuwa wakiomba ufadhili, masista, wafanyabiashara, na wazazi wengi wenye watoto ng'ambo. Wapo ambao hawakuwahi kugusa kompyuta maisha yao yote, na bado walikuwa na anwani ya barua pepe waliyoiandika kwenye fomu kwa fahari. Mwanangu, sikuwahi kuiona kazi ile kuwa ndogo. Mama wa Kizota akisomewa kwamba mwanawe kafaulu mtihani, wiki ile ile aliyofaulu badala ya mwezi mzima baadaye, hilo ni jambo kubwa.

Mwendo ulikuwa wa pole sana. Modemu yangu iliandikwa 56K, yaani kilobiti 56 kwa sekunde, lakini hiyo ilikuwa ndoto ya waliotengeneza. Kutuma peke yake hakukuweza kuvuka 33.6, hata laini iwe safi namna gani. Na laini zetu hazikuwa safi. Mvua za Desemba zikianza, maji yaliingia kwenye maungio ya waya, ukiinua mkonga unasikia michakacho. Modemu ikisikia kelele hujishusha mwendo yenyewe, 28.8, pengine chini ya hapo, au hukata kabisa. Ile picha ya mjukuu wa shangazi yako uliyonitumia juzi, megabaiti 3 tu, kwa mwendo wa 28.8 ingechukua karibu dakika 14, na hapo ni laini isipokatika. Radi nayo ilikuwa balaa: wingu likitanda upande wa Msalato nilichomoa waya wa simu ukutani kabla sijachomoa umeme, kwa sababu radi ilipita kwenye waya wa simu na kuunguza modemu. Jirani yangu wa duka la dawa ilimuunguzia.

Nje ya mji nako safari ilikuwa ndefu. Pwani yetu ilikuwa haijafikiwa na kebo ya baharini ya nyuzi. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo barua ya kwenda Uingereza ilipaa hadi kwenye setilaiti, kilomita zipatazo 36,000 juu, ndipo ikashuka upande wa pili. Ninakueleza haya si kwa kulalamika. Tuliyavumilia yote, kwa sababu ndani ya kampuni ile palikuwa na mtu.

Alikuwa kijana wa huduma kwa wateja. Sauti yake niliijua kuliko sura yake, maana nilimwona mara moja tu maisha yangu yote. Siku moja barua zetu ziligoma kushuka. Napiga, naunganishwa, inaanza kupokea, laini inakatika. Narudia, inaanza upya pale pale. Kabla sijalala, yeye mwenyewe akanipigia: "Mama, kuna picha kubwa ya harusi imeziba sanduku lako. Nikiruhusiwa nitaiweka pembeni ili barua ndogo zipite." Nikamruhusu. Barua zikapita. Ile picha akaichoma kwenye CD, akanitumia kwa basi, nikaichukua stendi. Hakunitoza hata senti. Aliniuliza kabla ya kugusa. Aliona tatizo langu kabla sijalisema, na alilisema kwa Kiswahili ambacho kila mtu dukani angekielewa. Wewe sasa umekaa kwenye kiti kama chake, na nilipopata habari za kuajiriwa kwako yeye ndiye niliyemfikiria kwanza.

Kisha wenye kampuni wakaiuza, na walioinunua walitaka wateja wa maofisi, si sisi wa kupiga namba. Yule kijana aliondoka. Ilikuwa mwaka 2006, maji ya bwawa la umeme la Mtera yamepungua na mgao wa umeme umeshika, kwa hiyo jioni ya kwanza namba ilipoita bila kupokelewa nilidhani ni umeme wa kwao. Jioni ya pili vile vile. Nilipopiga ofisi ya Dar nikaambiwa huduma ile imefungwa na tangazo lilishatolewa. Ni kweli lilitolewa: kwenye tovuti yao, kwa Kiingereza. Kulisoma kulihitaji uwe umeunganishwa, na njia yetu ya kuunganishwa ndiyo waliyoikata.

Sasa sikiliza jambo ambalo nyinyi mafundi mnalijua kwa akili lakini pengine hamjaliona kwa macho. Barua za zamani hazikupotea. Programu yetu ilizishusha zikakaa kwenye kompyuta ya duka. Kilichokufa ni anwani, na pamoja nayo kila barua iliyokuwa njiani na kila iliyoandikwa baadaye. Nilifungua anwani mpya kwenye intaneti kafe, nikawaandikia wote niliokuwa nao kwenye orodha. Wengi wakanijibu. Lakini kuna mzee mmoja wa Kibaigwa, mfanyabiashara wa mahindi, ambaye mwanawe alikuwa Uingereza. Kijana alikuwa anamaliza chuo, anwani yake ya chuo nayo ikafungwa, na ile mpya aliituma kwetu wiki zile zile sisi tulipokatwa. Barua yangu kwake ikagonga ukuta, ya kwake kwetu ikagonga ukuta. Yeye huko akarudishiwa ujumbe wa mashine kwamba mpokeaji hayupo. Mtoto aliye mbali akiambiwa baba yake hayupo, unadhani atawaza nini?

Mzee alikuja kila alipoleta mzigo mjini. Alisimama mlangoni, hakuingia, aliuliza tu: "Kimya?" Nikamjibu kimya. Baada ya miezi mingi ikaja barua ya stempu, kupitia S.L.P. ya kanisa la kwao, na mstari wa kwanza wa kijana ulikuwa kuuliza kama baba yake yu hai. Mzee aliileta dukani nimsomee. Sitaki kuandika zaidi kuhusu siku ile, ila hasira ya siku hiyo ninayo mpaka leo. Simu moja tu, au ujumbe wa maneno kwa kila mteja mwezi mmoja kabla, ungetosha kuepusha yote hayo. Namba zetu walikuwa nazo. Kwa namba hizo hizo walikuwa wakitudai ada.

Kwa hiyo, mama, huduma kuzimwa siilaumu. Teknolojia huzeeka. AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani iliyowahi kuwa kubwa kuliko zote kwa watu wa kupiga namba, nayo ilizima huduma hiyo tarehe 30 Septemba 2025. Lakini walitangaza kabla, na anwani zao za barua pepe hazikuzimwa siku hiyo. Mtu aliyeijua anwani ya rafiki yake ya AOL aliendelea kumwandikia. Njia na anwani ni vitu viwili. Bosi wako akisema ni gharama, mwambie hivyo.

Tangazo liandike kwa Kiswahili, na msilitume kwenye barua pepe peke yake, kwa sababu kuna mzee anayefungua yake mara moja kwa mwezi, mwanawe akija. Tumeni ujumbe kwenye simu, kisha wapigieni. Ukisema mmebaki na wateja wachache, basi wanapigika. Wapeni miezi, si wiki. Na siku ya kuzima ikifika, anwani ya zamani iendelee kupokea na kusukuma barua kwenye mpya kwa muda mrefu, mwaka kama mnaweza, kwa yule atakayeridhia. Wastaafu wengi wameiandika anwani hiyo benki na kwenye mfuko wa pensheni wa PSSSF. Wasaidieni kuibadilisha huko kabla, maana mtu akisahau neno la siri, ujumbe wa kulirudisha huenda kwenye anwani ile ile ya zamani. Na hili ndilo ninalokuomba ulisimamie kuliko mengine yote: lile jina la kampuni linalokuja baada ya alama ya @, msiliache liishe muda bila kulilipia. Mtu baki akilinunua atapokea barua za wateja wenu, nao hawatajua. Huo ni wizi ambao nyinyi mtakuwa mmeuachia mlango.

Wakikuuliza nani atafanya kazi yote hiyo kwa watu wachache, sema utaifanya wewe. Najua una kazi nyingi. Ifanye hivyo hivyo.

Nitumie rasimu kabla hujaipeleka kwa bosi wako. Nitaisoma kwa sauti mbele ya baba yako na ya mama mwenye duka la vitenge hapa jirani, na neno lolote watakaloniuliza maana yake nitakuandikia ulitoe. Ubuyu nimeutuma kwa basi la kesho asubuhi. Dereva ana namba yako, pokea simu hata kama namba huijui.

Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako