Nguvu nyingi za pikapu si dawa ya roki nzito

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nipinge ushauri wanaopewa mara kwa mara wapiga gitaa la umeme, kwamba anayetaka mlio wa roki nzito ya miaka ya 1970 anunue pikapu (kifaa cha sumaku na waya kilicho chini ya nyuzi, kinachonasa mtetemo wake) yenye nguvu kuliko zote. Mlio ule ulitokana zaidi na amplifaya ya valvu, yaani kikuza sauti cha taa za kioo, iliyofunguliwa sauti karibu hadi mwisho, huku pikapu zenyewe, zile za koili (mizunguko ya waya) mbili ambazo Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson alizibuni mwaka 1955 ili kuondoa mvumo wa umeme, zikiwa na ukinzani wa umeme, ambao huongezeka waya ukiwa mwingi, wa takriban kilo-omu 7 hadi 9 tu. Pikapu iliyozungushiwa waya mwingi kupita kiasi huzidisha sauti za kati na kufifisha zile za juu, hata nyuzi zikipigwa pamoja hazitofautiki. Mimi ningechagua pikapu yenye sumaku ya alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti), namba 2 kwa ulaini wa mlio au namba 5 kwa ukali, kuliko yenye sumaku ya seramiki. Tena, kabla ya kununua chochote, mtu achukue bisibisi ashushe kidogo pikapu aliyonayo, kwani ikizikaribia nyuzi mno sumaku huzivuta na kuharibu mlio. Kazi hiyo haina gharama, na huenda ndiyo sababu wauzaji hawaizungumzii.

Wako mtiifu,
Mpiga gitaa