Roketi ya maji badala ya mzinga wa moto

Bwana Mhariri,

Kijana wa Katuba au Kampemba mwenye pesa kidogo na hamu ya kurusha kitu angani mara nyingi huanza na bomba la plastiki la majitaka, gesi au kabidi ya mafundi wa kuchomelea, cheche, na kiazi mdomoni mwa bomba. Hamu hiyo tunaiheshimu, maana ndiyo inayozaa mafundi na mainjinia. Chombo chenyewe, mzinga huo wa moto, hatukikubali. Tunaomba nafasi gazetini mwako tueleze kwa nini, na nini kijengwe mahali pake kwa pesa ile ile.

Bomba la majitaka halikutengenezwa kubeba shinikizo. PVC, yaani plastiki ya bomba hilo, ikizidiwa haivimbi kwanza ikakuonya; hupasuka ghafla vipande vyenye ncha, hasa ikiwa imekaa juani miezi kadhaa. Gesi iliyochanganyika vizuri na hewa ikiwaka ndani ya chombo kilichofungwa yaweza kufikisha bari 8 (bari ni kipimo cha shinikizo) kufumba na kufumbua, na kiazi kikikwama ni bomba linaloachia. Kabidi ni mbaya zaidi. Propani huwaka ikiwa kati ya asilimia 2 na 10 hivi ya hewa, basi. Asetilini inayotoka kwenye kabidi huanza kuwaka kwenye asilimia 2.5 na huendelea hata ikizidi 80. Kwa hiyo hakuna kosa la kipimo linaloweza kumwokoa mtu. Halafu kuna mzinga uliokataa kuwaka: mwenyewe husogeza uso mdomoni mwa bomba kuangalia kuna nini, na hapo ndipo unapoitika. Hata chokaa inayobaki baada ya kabidi huchoma macho.

Roketi ya maji inafanya kazi kwa kanuni ile ile ya kusukuma kitu kwa shinikizo, lakini haina moto. Chupa ya soda ya lita 1.5 huwekwa maji theluthi moja, hewa hushindiliwa kwa pompi ya kinga, yaani ya baiskeli, hadi bari 4, kisha shingo huachiwa. Maji hutoka kwa mwendo wa karibu mita 28 kwa sekunde, chupa husukumwa na kani ya karibu niutoni 300, na maji yote huisha kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde kupita. Anayedhani ni mchezo wa watoto akumbuke kwamba kampuni ya Wajerumani OTRAG, iliyorusha roketi kutoka kaskazini mwa uliokuwa mkoa wetu wa Katanga, wakati ule ukiitwa Shaba, mwaka 1977 na 1978, haikutumia pampu: hewa iliyoshindiliwa ndani ya matangi ndiyo iliyosukuma mafuta.

Chupa iwe ya soda, ya kinywaji chenye gesi. Ile ya maji ya kunywa ya kawaida ni nyembamba na haifai kabisa. Msiikwaruze kwa msasa, msiitie gundi ya moto wala ile gundi kali ya kushika papo hapo. Zote mbili hudhoofisha plastiki yake. Mabawa yashikwe kwa utepe wa kunata tu.

Kwa kiti cha kurushia tunapendelea bomba la PPR (plastiki ya mabomba ya maji) la milimita 20, lenye maandishi PN 20, alama ya shinikizo linalobebwa, kuliko PVC, kwa sababu PPR haivunjikivunjiki. Fundi bomba yeyote mwenye mashine ya kuyeyushia huunganisha viungo vyake kwa dakika chache. Sehemu iliyosimama iwe na sentimita 45, na sentimita 20 za juu zake ndizo zitakazoingia ndani ya chupa. Chupa ikiwa imepinduliwa, ncha ya bomba lazima ipite juu ya maji. Ikiwa fupi, maji yatashuka hadi kwenye pompi. Chini wekeni kiwiko chenye meno ya skrubu ya shaba ya nusu inchi, kisha nipeli ya kuchomekea mpira. Yote yafungwe kwenye ubao mzito au kwenye rimu kuukuu ya gari, maana kiti kinachoyumba hurusha roketi upande.

Kazi yenye kuchosha ni kuziba shingo. Shingo ya chupa ya soda ina kipenyo cha ndani cha milimita 21.7 hivi, na bomba lina 20. Chongeni mfereji wa kina cha milimita 1 kuzunguka bomba, pale ambapo shingo itakaa, mvalishe pete ya mpira yenye unene wa milimita 2, muipake sabuni ya maji. Chupa iingie kwa kusukumwa kidogo. Ikiingia yenyewe, hewa itavuja kabla hamjafika bari 2. Toeni pete, zungusheni utepe wa mafundi bomba mara mbili chini yake, jaribuni tena. Ikiwa lazima muipige kwa kiganja, pete ni nene mno na roketi itakwama.

Kuishikilia chupa, zungusheni bomba kwa vifungo 8 hadi 12 vya plastiki vya kukazia nyaya, vimesimama wima, miguu yao imebanwa kwa kikazo cha chuma kama cha mpira wa radieta, na vichwa vyao vikilalia juu ya ule ukingo wa shingo. Kipande cha bomba pana, urefu sentimita 6, hupanda juu ya vichwa na kuvizuia visifunguke. Kamba ya mita 6 ikikivuta chini, vichwa hutawanyika na chupa huondoka. Kipande hicho kisilegee hata kidogo: vichwa vikipata nafasi, chupa itaruka kabla ya amri.

Hewa ipitie mpira wa kompresa wenye nyuzi, mita 6. Mwisho wake chomekeni vali yenye shina la mpira, iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi kuukuu, mkaze kwa vikazo viwili. Pompi lazima iwe na saa ya shinikizo, ile ya mshale. Kama haina, azimeni kwa fundi wa matairi. Kupima kwa kuhesabu mapigo ya pompi hatukushauri hata siku moja.

Kabla ya kurusha, kila chupa mpya ijaribiwe ikiwa imejaa maji tele, bila nafasi ya hewa, hadi bari 6. Maji hayashindiliki kama hewa, kwa hiyo chupa ikishindwa itachuruzika tu. Uwanjani bari 4 zinatosha, 5 ndiyo mwisho. Chupa yenye mikunjo au mistari myeupe itupwe, na hata nzima ipumzishwe baada ya kurushwa mara 10. Jua la Oktoba hapa kwetu halifai. Tuanze asubuhi, chupa zikae kivulini.

Roketi inayopinduka hewani ina kichwa chepesi. Wekeni gramu 60 hivi za udongo wa kufinyanga puani, mfunike kwa nusu ya mpira laini, kamwe si chuma wala kitu chenye ncha. Mabawa matatu ya plastiki ya bidoni (dumu) yakae karibu na shingo. Fungeni uzi pale roketi inapolingana uzito, muizungushe juu ya kichwa kama kombeo: pua ikitangulia, iko tayari.

Watazamaji wakae mita 15, mbali na nyaya za umeme za SNEL na mbali na njia za ndege za uwanja wa Luano. Ikikwama, mtu asiikaribie. Atoe hewa kwa kubonyeza sindano ya vali huko kwenye pompi. Urefu hupimwa kwa pembe: simameni mita 50 kutoka kitini, na ikiwa roketi inaonekana kwenye nyuzi 45, imefika mita 50 juu ya jicho. Ikianguka, iangalieni upesi ndani: kuna ukungu mweupe, kwa sababu hewa iliyotanuka ghafla imepoa. Mwalimu mwenye ukungu huo mkononi hahitaji ubao kueleza somo la joto na gesi.

Ombi letu ni kwa maprefe wa masomo, yaani wakuu wa shule za sekondari. Wiki za mwisho kabla ya likizo kubwa ni za kiangazi, viwanja vya mpira vimekauka, na mtihani umekwisha kwa madarasa mengi. Kiti kimoja kinatosha shule nzima. Kila darasa lije na chupa zake. Maprefe wawafungulie vijana uwanja saa mbili asubuhi, mwalimu mmoja ashike saa ya shinikizo.

Walimu wawili wa fizikia na fundi bomba mmoja,
Lubumbashi