PEP haiwezi kungoja Jumatatu

Mhariri,

Binti mmoja wa mtaani kwetu hapa Mombasa alibakwa Ijumaa usiku akitoka kazini. Kulipopambazuka mamake alimpeleka hospitali. Wakaambiwa waende polisi kwanza wakachukue fomu ya P3, kisha warudi Jumatatu, maana kliniki inayotoa PEP, dawa ya kuzuia VVU (virusi vya UKIMWI) baada ya mtu kukumbwa na hatari, haifunguliwi wikendi.

Mimi ni muuguzi mstaafu na jambo hili limenikera sana. PEP huanzishwa ndani ya saa 72. Zikipita, haitolewi tena. Wala saa hizo hazilingani uzito; za mwanzo ndizo muhimu zaidi. Kirusi kikiingia mwilini huanza kuzaana palepale kilipopenyea, na dawa inatakiwa iwahi kabla hakijasambaa. Kutoka Ijumaa saa nne usiku hadi Jumatatu saa tatu asubuhi ni saa 59, na hapo mgonjwa bado hajapanga foleni.

P3 ni karatasi ya kesi. Inaweza kujazwa hata baada ya siku kadhaa, dawa haiwezi. Nashukuru mama yule hakurudi nyumbani. Alikwenda hospitali nyingine na mwanawe akameza kidonge cha kwanza kabla ya adhuhuri.

Naomba PEP iwekwe kasualti. Mtu apimwe, aanze dawa hapohapo, iwe usiku wa manane au sikukuu, apewe za siku chache, kisha kliniki immalizie hadi zitimie siku 28. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza Julai 2024 kwamba hata famasi zitoe dawa hii, nasi famasi tunazo kila mtaa.

Kwa yule ambaye hatari humrudia, kama mke ambaye mumewe hataki kondomu, akimaliza PEP aunganishwe moja kwa moja na PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla ya hatari. Kenya imekuwa nayo tangu 2017, lakini wanawake wengi huikatiza kwa sababu chupa ya vidonge vyake inafanana na ya ARV, dawa za wanaoishi na VVU, na vidonge hulia mkobani. Nimewaona wakivifunga kwenye pindo la leso. Ndiyo maana naitilia mkazo sindano ya PrEP iitwayo lenacapavir, inayodungwa mara mbili kwa mwaka: katika utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa kati ya wasichana na wanawake zaidi ya 2,100 waliodungwa.

Kwa sasa, waziri wa afya wa kaunti atutajie ni hospitali zipi zina PEP kasualti usiku wa leo.

Muuguzi mstaafu,
Mombasa