Damu ya waliopandikizwa figo isomwe hapa hapa, kwa fedha yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wabunge wetu kabla hawajapitisha bajeti ya afya: watenge fungu la kusoma vinasaba vya waliopandikizwa figo na vya waliowapa. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Korogwe, nina miaka 61 na figo moja. Ya pili anayo mdogo wangu wa kiume. Nilimpa nikiwa na miaka 54, baada ya yeye kusafisha damu kwa mashine mara tatu kila wiki kwa miaka miwili.

Baada ya upasuaji alianzishiwa takrolimasi, dawa ya kuuzuia mwili usiikatae figo ya mtu mwingine. Vidonge vitatu saa mbili asubuhi, vitatu saa mbili usiku. Mimi ndiye niliyekuwa naandika kwenye daftari la shule: tarehe, dozi, kiwango cha dawa kwenye damu, na kreatinini, uchafu wa damu unaopanda figo ikishindwa kuchuja. Madaktari walitaka kiwango kifike angalau 8. Kipimo cha kwanza kikatoka 3.1. Dozi ikapandishwa hadi vidonge vinne, ikaja 3.6. Vitano, 4.4. Kila jibu la maabara lilituweka siku kadhaa tukisubiri, na figo haisubiri. Wiki ya nne kreatinini ikaruka kutoka 118 hadi 196, mkojo ukapungua, miguu ikavimba hadi ndala zikawa hazimwingii. Mwili ulishaanza kuikataa.

Siku aliyolazwa, muuguzi alimuuliza mbele ya wagonjwa wenzake kama dawa anazimeza kweli au anazitupa. Mdogo wangu ni baba wa watoto wanne. Alilia. Nilifungua daftari nikamwonyesha muuguzi mstari kwa mstari, huku mshono wangu mwenyewe bado unanivuta nikiinama. Hospitali siitaji, kwa sababu walifuata mwongozo waliokuwa nao na hatimaye waliiokoa figo, kwa dripu ya dawa kali siku tatu mfululizo.

Aliyenifumbua macho ni daktari kijana wa zamu ya jioni. Aligeuza fomu ya maabara, akachora ini na utumbo kwa kalamu, akaniambia, "Mama, wapo watu ambao miili yao inaivunja dawa hii haraka kuliko wengine. Wamezaliwa hivyo." Kuna jeni iitwayo CYP3A5 inayotengeneza kimeng'enya cha kuivunja takrolimasi. Kwa Wazungu walio wengi jeni hiyo haifanyi kazi. Kwetu Waafrika walio wengi inafanya kazi, kwa hiyo dozi inayomtosha Mzungu inaweza kutupitia kama maji kwenye pakacha. Tangu mwaka 2015 upo mwongozo wa kimataifa unaosema mtu wa namna hiyo aanze na dozi mara 1.5 hadi 2 ya ile ya kawaida. Mdogo wangu alitulia alipofika vidonge saba asubuhi na saba usiku. Kipimo chenyewe cha jeni hakijafanyika kwake hadi leo. Ni kipimo cha mara moja maishani, maana jeni za mtu hazibadiliki, wakati kiwango cha dawa tunakipima na kukilipia tena na tena.

Nikajiuliza: "dozi ya kawaida" ni kawaida ya nani? Mwaka 2016 ilichapishwa hesabu ya watu wote walioshiriki tafiti kubwa za vinasaba duniani. Asilimia 81 walikuwa na asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 3.

Wapo watakaosema vinasaba ni anasa kwa nchi ambayo wodi zake hazina vitanda vya kutosha. Nawaelewa, nimelala chini ya kitanda cha mgonjwa mimi. Lakini upandikizaji wa figo na vinasaba havijawahi kuachana. Ule wa kwanza uliofanikiwa, Boston, Desemba 1954, ulifanikiwa kwa kuwa mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa kufanana. Na sisi tumekwisha kuingia humo: Muhimbili walianza kupandikiza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ikafuata mwaka 2018. Serikali imelipia vyumba vya upasuaji, imesomesha wataalamu, imepunguza safari za India. Figo ikifa kwa dozi ndogo, gharama yote hiyo imekwenda, mgonjwa anarudi kwenye mashine, na ndugu aliyetoa hana nyingine ya kutoa.

Hapo kwa mtoaji nisimame kidogo, maana ndipo nilipo. Mwaka 2010 watafiti waligundua mabadiliko katika jeni ya APOL1 yanayomkinga mtu na malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Lakini aliyeyarithi kwa baba na kwa mama pia, figo zake zimo hatarini zaidi, na figo atakayotoa huwahi kuchoka kule ilikopandikizwa. Yamesomwa zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi. Marekani wanagharimia utafiti mkubwa wa kuwafuatilia watoaji na wapokeaji kwa ajili ya jeni hii moja. Mimi nililelewa Handeni, tukiwafukuza mbung'o mgongoni mwa ng'ombe, kwa hiyo najiuliza kama nasi tumeyarithi. Binti yangu ameshasema mjomba akihitaji tena, atatoa yeye. Nataka ajue hali yake kabla hajapanda kitanda.

Ninachoomba si jengo jipya. Kila anayepandikizwa na kila anayetoa, kwa ridhaa yake, atoe chupa moja ndogo ya damu, ihifadhiwe na kusomwa hapa nchini, na wote wafuatiliwe kwa miaka, hospitali zote kwa daftari moja. Wataalamu tunao. Muhimbili wamewafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004 na kusoma vinasaba vyao, ila fedha nyingi ilitoka kwa mhisani wa Uingereza. Mpango mkubwa wa vinasaba vya Waafrika, H3Africa, nao ulilipiwa na Marekani na Uingereza, ukafungwa mwaka 2022. Mhisani akiondoka friji la sampuli linabaki, na umeme wake ni wa kulipiwa na mtu. Nchi za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Fungu la kazi hii lipitie COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, liandikwe kwenye kitabu cha bajeti kwa jina lake, ili mwakani mbunge aweze kuuliza lilitumikaje.

Daftari letu limefika ukurasa wa mwisho, nimenunua jingine. Mtafiti atakayelihitaji nitampa yote mawili, na mimi na mdogo wangu tutanyoosha mikono siku hiyo hiyo.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga