Malalamiko kuhusu vichwa vya repia, springi na vipande vya kuongozea mkanda visivyohimili piki 400 kwa dakika

Idara ya Ufumaji na Karakana ya Matengenezo,
Kiwanda cha Nguo,
Dar es Salaam.

Meneja Mauzo,
Idara ya Spea za Viwanda,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: MADAI YA KUREJESHA SPEA ZA MASHINE ZA KUFUMIA ZENYE KASORO

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mlituuzia seti 40 za vichwa vya repia (kila seti ni kichwa kimoja kinachopeleka uzi wa mshindio, yaani uzi wa upana wa kitambaa, na kimoja kinachoupokea katikati), springi 200 za vibanio vinavyoushika uzi huo, mikanda 24 na vipande 480 vya nailoni vya kuongozea mkanda. Ankara na hati ya kupokelea mzigo tumeziambatisha. Katika vichwa 80, mikono ya vibanio 31 imekatika. Springi nyingi zimevunjika kabla hata hazijaonyesha alama ya kusagika. Vipande vya nailoni tumelazimika kuving'oa vyote. Barua yenu ya majibu inasema chanzo ni "matumizi". Hatukubaliani, na sababu zetu tunazieleza kwa vipimo ili mkizipeleka kwa aliyewatengenezea asipate pa kukwepea.

Mashine zetu zina upana wa ridi (kitana kinachopigilia mshindio) wa sentimita 190 na zinapiga piki 400 kwa dakika, yaani zinavusha mshindio mara 400. Mwendo huo uko ndani ya kiwango cha mtengenezaji wa mashine, na uliandikwa kwenye oda yetu. Spea mlizoleta zinaingia vizuri kwenye nafasi yake, matundu ya skrubu yanakutana, umbo ni lilelile. Lakini kwa jinsi tunavyoziona, zimenakiliwa kutoka kwenye mashine ya kizazi cha nyuma, ya piki 320 au chini ya hapo, bila mtu kukaa chini na kupiga hesabu upya. Nguvu inayovuta na kusukuma kichwa hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 320 hadi 400 mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini nguvu imeongezeka kwa asilimia 56. Kitu kilichokuwa kinajimudu kwa shida kwenye 320 hakina namna ya kupona kwenye 400.

Halafu kuna idadi ya mizunguko. Piki 400 kwa dakika ni 24,000 kwa saa. Kwa zamu tatu na ufanisi wa asilimia 85, mashine moja hupiga karibu piki 490,000 kwa siku, na katika kila piki mkono wa kibanio hupinda na kurudi. Mizunguko milioni 10, ambayo wahandisi wengi huichukua kama ndiyo mwisho wa kupimia uchovu wa chuma (chuma kupasuka taratibu kwa kupindwa mara nyingi), kwetu inakamilika kwa takriban wiki tatu. Kwa hiyo spea ya repia haiwezi kusanifiwa kwa kusema "itavumilia mizunguko mingi". Lazima ikae chini ya kikomo cha uchovu cha chuma chenyewe, yaani mzigo ambao chini yake chuma hakichoki, na kwa sehemu za alumini, ambazo hazina kikomo cha wazi, lazima mzigo uwe mdogo zaidi na muda wa kubadilisha uandikwe.

Sasa mikono iliyokatika. Yote 31 imekatikia mahali pamoja, kwenye shina, pale mkono mwembamba unapokutana na kitovu cha pini. Chukueni mmoja kati ya tuliyowaletea, mtazame sehemu iliyokatika kwa kioo cha kukuzia. Mtaona maeneo mawili. La kwanza ni laini, limefifia, lina mistari ya upinde inayofuatana kuanzia kwenye kona, kama michirizi ya maji yanayokupwa ufukweni. La pili ni la chengachenga na linang'aa, nalo ni dogo. Eneo laini ni ufa uliokuwa ukitambaa taratibu kila piki. Lile dogo ndipo chuma kilichobaki kilipokatika kwa mara moja. Mkono uliokatika kwa kugongwa au kwa kufungwa vibaya haukatiki hivyo. Huu ni uchovu, na umeanzia kwenye kona.

Kona hiyo tumeipima. Kwenye kichwa halisi cha mashine ina mduara wenye nusu kipenyo cha milimita 1.2. Kwenye vyenu haifiki milimita 0.2, ni kama imekatwa kwa kisu. Isitoshe, mikwaruzo ya jiwe la kusagia inapita kwa upana wa mkono, yaani inakatisha njia ya mvutano, na kila mkwaruzo ni mahali pa ufa kuanzia. Mkono wa aina hii husuguliwa kwa urefu wake hadi ukwaruzo wa uso ushuke kwenye Ra (wastani wa kimo cha mikwaruzo) mikromita 0.4 au pungufu, kisha hupigwa punje ndogo za chuma ili ngozi yake ibaki imejibana na ufa usipate pa kufungukia. Vyenu havikupigwa punje. Ngozi ya juu bado ina mistari mipya ya jiwe. Mkerezaji yeyote wa Gerezani anajua kwamba shafti haiachwi na kona kali pale kipenyo kinapobadilika. Kwenye spea inayouzwa kwa bei mliyotutoza tulitegemea angalau hilo.

Ncha za vibanio ni tatizo jingine, na hapa tunadhani tatizo liko kwenye tanuri. Tulipima ugumu kwenye uso wa ncha kwa kipimo cha Rockwell C (HRC) tukapata HRC 41. Tukaondoa milimita 0.15 kwa jiwe, tukapima tena, tukapata HRC 52. Chuma kilichozimishwa vizuri (kilichopashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu) hakiwi laini nje na kigumu ndani. Hali hiyo hutokea kikipashwa moto kwenye tanuri lenye hewa ya kawaida bila gesi ya kukilinda: kaboni ya ngozi ya juu huungua na kutoka, na kinachobaki ni chuma laini kilichovaa sura ya kigumu. Ncha halisi zina HRC 58 hadi 60. Uzi wa pamba unaonekana laini mkononi, lakini una vumbi la shambani na ukipita mahali pamoja mara nusu milioni kwa siku unachimba. Vibanio vyenu vimechimbika mfereji, uzi unateleza, na mshindio unafika upande wa pili ukiwa mfupi. Mfumaji akiona hivyo hukaza springi, springi ikikazwa mkono unapinda zaidi, na ule ufa wa kwenye kona unapata chakula.

Springi zenyewe zimepakwa zinki kwa umeme, zinapendeza kweli. Chuma cha springi chenye ugumu zaidi ya HRC 40 hakipakwi zinki kwa umeme kienyeji. Wakati wa kuosha kwa asidi na wa kupaka, haidrojeni huingia ndani ya chuma na kukifanya kiwe dhaifu kama kigae. Baadaye huvunjika chini ya mzigo mdogo, bila kuchakaa na bila onyo. Kama ni lazima ipakwe, basi ndani ya saa chache irudishwe kwenye oveni, nyuzi joto 190 hadi 220 za Selsiasi, kwa saa kadhaa. Tuliomba hati ya hatua hiyo hatukujibiwa. Sisi hatuhitaji zinki. Springi iliyotiwa weusi na kupakwa oili inatutosha, kwa kuwa ndani ya kichwa hakuna anayeiona.

Uzito. Kichwa chenu kinachopokea kina gramu 12 zaidi ya kile halisi. Tuliambiwa gramu 12 si kitu. Kwa mashine yetu, kila repia husafiri takriban mita 1 kwenda na mita 1 kurudi ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mkichukulia mwendo laini wa sine, mwongezeko wa kasi kwenye ncha za safari unakaribia mita 2,000 kwa sekunde mraba, sawa na mara mia mbili ya mvuto wa dunia. Gramu 12 zinageuka kuwa niutoni 24, yaani mzigo wa karibu kilo mbili na nusu, unaovuta mkanda na kusukuma meno ya gia mara mbili katika kila piki. Ndiyo sababu matundu ya mikanda yenu yameanza kurefuka upande mmoja. Kuhusu mikanda hatuna mengi zaidi: matundu yalitobolewa kwa kupigwa panchi, nyuzi za kaboni zimechanika ukingoni na tabaka zinabanduka. Yanapaswa kukatwa kwa kisu cha kuzunguka na kingo kuzibwa kwa rezini.

Tunakuja kwenye vipande vya nailoni, ambavyo vinatuudhi kuliko vyote kwa sababu kosa lake lilionekana hata kabla ya kuagiza. Mmetumia nailoni 6 isiyo na kijazo. Ukumbi wa kufumia pamba huwekwa kwenye unyevu wa asilimia 75 hadi 80, maana mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, ukikauka unakatika ovyo. Na hii ni Dar es Salaam. Hata ukizima mashine za unyevu, hewa ya bahari inakuletea wa kwake. Nailoni 6 hunywa maji: ikizamishwa hadi ishibe hufika karibu asilimia 9 ya uzito wake, na katika hewa kama ya ukumbi wetu hufika karibu nusu ya hapo au zaidi kidogo. Ikinywa, inavimba. Kipande chenye unene wa milimita 20 kikivimba kwa asilimia 1 tu kinaongezeka milimita 0.2. Kwa kuwa kimebanwa ndani ya chuma pande zote, hakina pa kuvimbia ila kuelekea kwenye mwanya wa mkanda. Mwanya uliotakiwa kuacha nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3 unabaki hauna nafasi. Mkanda unasugua, unapata joto, nailoni inayeyuka juu juu na kung'aa, na mota inavuta umeme zaidi.

Jaribio lake halina gharama. Chukueni vipande 5 vilivyokaushwa kwenye oveni, vipimeni kwa mizani ya vito na kwa maikromita, viacheni ukumbini hadi uzito uache kupanda, vipimeni tena. Sisi tumefanya hivyo na jedwali ni Kiambatisho C. Plastiki ya poliasetali, au nailoni 12 ambayo hushiba kwa takriban asilimia 1.5 tu, ingetufaa bila kubadilisha chochote kwenye mchoro.

Mnasema hatusafishi vumbi na mafundi wetu wanakaza skrubu kupita kiasi. Mashine za safu hiyohiyo, zilizobaki na vichwa halisi, zinahudumiwa na mafundi walewale, kwa bomba la hewa lilelile, zikifuma mtande uleule wa kanga. Hazijakata hata mkono mmoja katika kipindi hicho. Kama vumbi ndilo linalokata chuma kwenye kona, basi lina ubaguzi.

Hasara si bei ya spea pekee. Mkono ukikatika kichwa kikiwa katikati ya mwanya wa mtande, ridi inakuja kupigilia na kukuta chuma. Meno ya ridi yanapinda, mamia ya nyuzi za mtande yanakatika, na kuziunga na kuzipitisha upya ni kazi ya zamu nzima. Mashine ikiwashwa tena inaacha mstari kwenye kitambaa, na jora lenye mstari wa hivyo wanunuzi wa Mtaa wa Uhuru wanalitambua kwa kulikunjua mara moja. Mchanganuo wa fedha ni Kiambatisho D.

Tunachotaka ni hiki. Mchukue vichwa vyote 80, vikiwemo ambavyo havijakatika, maana ufa umo humo humo hata kama hauonekani; pamoja na springi zote na nailoni zote. Mikanda tutaendelea nayo kwa punguzo la bei tutakalokubaliana. Kwa vichwa, ama mturudishie fedha, ama mlete vingine vyenye mduara wa kona usiopungua milimita 1.2, ncha za HRC 58 hadi 60 zilizopimwa usoni, mikono iliyopigwa punje, springi zisizopakwa kwa umeme, na uzito usiotofautiana na kichwa halisi kwa zaidi ya nusu gramu. Kila kichwa kigongwe namba ya toleo, na kila toleo lije na cheti cha chuma na chati ya tanuri. Mkileta vingine, tutafunga seti 4 tu kwanza, kwenye mashine nne, hadi zifike piki milioni 10, kisha tuzikague kwa dawa ya rangi inayoonyesha nyufa. Zikipona tutapokea zilizobaki. Hatutazipokea kabla ya hapo.

Iwapo bado mna shaka na vipimo vyetu, mikono 6 iliyokatika tumeitenga bila kuigusa wala kuiosha. Tuko tayari ipelekwe kwenye maabara ya TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, pale Msasani mbele ya mwakilishi wenu, na atakayeonekana amekosea alipe gharama ya upimaji.

Tunawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi tutapeleka suala hili Tume ya Ushindani (FCC), na tutadai fidia chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kwa kuwa mliuza mkijua kazi ambayo bidhaa ilinunuliwa kufanya: mwendo wa piki 400 umeandikwa kwenye mstari wa tatu wa oda yetu, na profoma yenu imeurudia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkuu wa Idara ya Ufumaji
Msimamizi wa Karakana ya Matengenezo

Nakala: Meneja wa Kiwanda, Ofisa Ununuzi, Mwanasheria wa Kampuni.

Viambatisho: A – ankara na hati ya kupokelea mzigo, B – picha za mikono iliyokatika na vipimo vya ugumu, C – jedwali la uzito na unene wa nailoni, D – mchanganuo wa hasara.