Laptopu Haioni Wi-Fi Baada ya Kuwekewa Windows Mpya: Ile Elfu Ishirini Inalipia Nini

Kuna maneno yamezunguka kwenye kundi la WhatsApp la mawakala wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda, na tumeona afadhali tuyajibu hapa kuliko kujibizana usiku kwa ujumbe wa sauti. Mteja mmoja, mtu tunayemheshimu na ambaye bado ni mteja wetu, aliandika kwamba alituletea hapa dukani, tunapotengeneza kompyuta, laptopu isiyoona Wi-Fi, kijana wetu akachomeka waya wa simu, akabofyabofya, na chai haijapoa akadaiwa shilingi 20,000. "Waya wa simu hata mimi ninao," akasema. Wengine nao wakamwaga ya kwao.

Waya anao kweli. Kwa hiyo tuanze na namna ya kuifanya kazi hii mwenyewe, bila kutulipa hata senti.

Windows mpya inapowekwa, diski hufutwa pamoja na draiva zote zilizokuwamo. Draiva ndiyo programu inayoifundisha Windows kuongea na kifaa fulani. Windows huja na draiva nyingi tumboni mwake, ndiyo maana skrini inawaka na kibodi inaandika bila wewe kuhangaika. Lakini kadi yako ya Wi-Fi ikiwa mpya kuliko ile Windows iliyo kwenye fleshi ya fundi, au fleshi yenyewe ikiwa na Windows iliyonyofolewa vitu na mtu asiyejulikana ili iwe nyepesi, draiva yako haitakuwamo. Kuipata kunahitaji intaneti, na intaneti huna kwa sababu draiva huna. Windows 11 inaongeza chumvi kwenye kidonda: mara ya kwanza tu kuwashwa inakutaka uchague mtandao, orodha ni tupu, na kitufe cha kuendelea kimefifia. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, watu wamekimbilia Windows 11 na meza yetu imejaa laptopu zilizokwama hapohapo. Wenyewe huja wakisema imekufa.

Haijakufa. Chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa data (si ule waya wa kuchajia tu, hiyo ni kesi nyingine tunayoiona sana), ingia kwenye mipangilio ya hotspot, washa palipoandikwa USB tethering. Windows ina draiva ya kuitambua simu kwa njia hii, kwa hiyo laptopu itaiona kana kwamba umechomeka waya wa mtandao. Simu ikiwa imeshika Wi-Fi ya ofisini, mara nyingi inaipitisha hiyohiyo, bando lako halikatwi. Wenye iPhone, azimeni Android ya jirani, maana Windows iliyotoka kuwekwa mara nyingi haiijui iPhone mpaka ipewe draiva ya Apple.

Ukishapata mtandao kwa njia hiyo, usikae ukitazama. Windows ikionja intaneti huanza kushusha masasisho yake, na bando la giga moja linaweza kwisha kabla draiva ya Wi-Fi haijafikiwa. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao huo, uweke alama ya metered (yaani mtandao wenye kipimo, ili Windows ipunguze kushusha masasisho), kisha ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, andika namba iliyo kwenye stika ya chini, upakue draiva ya Wi-Fi peke yake. Isakinishe, chomoa simu.

Ikikubali, umeokoa elfu ishirini na sisi hatuna kinyongo. Wanaofika kwetu ni wale ambao haikukubali.

Mteja wetu wa WhatsApp alikuwa mmoja wao, ila hilo hakuliandika. Laptopu yake ilifomatiwa nyumbani na mpwa wake. Mpwa alichomeka simu vizuri kabisa, akaingia tovuti sahihi, akakuta draiva tatu za Wi-Fi kwa modeli ileile: moja ya Intel, moja ya Realtek, moja ya MediaTek. Akachagua ya Intel kwa sababu jina analijua. Ikasema imemaliza, Wi-Fi haikuja. Akajaribu nyingine kutoka tovuti nyingine, akawasha upya, akajaribu tena. Laptopu ilipofika kwetu ilikuwa na mabaki ya draiva ambazo si zake, na mwenyewe ana mizigo mpakani na hawezi kuingia ASYCUDA, mfumo wa forodha wa mtandaoni.

Hapa ndipo penye kazi, nasi tunapenda watu wapajue. Laptopu mbili zenye jina moja, rangi moja, zilizonunuliwa duka moja, zinaweza kuwa na kadi tofauti ndani. Kiwanda huweka kadi iliyopatikana mwezi ule. Kwa hiyo jina la laptopu halitoshi, lazima uiulize kadi yenyewe. Fungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vilivyomo kwenye kompyuta, utafute mstari wenye alama ya mshangao ya njano. Ukiandikwa Network Controller, mara nyingi ndiyo Wi-Fi. Ethernet Controller ni tundu la waya. Ingia Properties, kisha Details, kisha Hardware Ids. Utaona mlolongo unaoanza na PCI\VEN_ ukifuatwa na herufi na namba nne. Hizo nne ni kabila la kadi: 8086 ni Intel (ndiyo, ile namba ya prosesa yao ya 1978), 10EC ni Realtek, 14C3 ni MediaTek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros. Zinazofuata baada ya DEV_ zinakuambia ni kadi ipi hasa katika kabila hilo. Ukizijua hizo hubahatishi tena.

Kijana wetu alisoma namba hizo kabla hajagusa kitu, akakuta 14C3. Akaondoa draiva zilizobanana mle ndani, akaweka moja. Chai haikupoa, ni kweli. Chai ingepoa kama asingejua pa kutazama, na laptopu ingelala dukani, na mzigo ungelala mpakani.

Sasa njia ya mkato inayotuuma kuliko zote. Ni zile programu zinazoahidi kukuwekea draiva zote kwa mbofyo mmoja. Mama mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi alishauriwa aipakue moja kwa simu yake. Ilimaliza bando, kisha ikaleta kivinjari ambacho hakukiomba, kisafisha diski kinachodai pesa kila asubuhi, na antivairasi ya majaribio iliyogombana na ile iliyokuwapo. Wi-Fi ilikuja, tusiidhulumu. Lakini padi ya kugusa iliacha kusogeza mshale, na printa aliyoitegemea kwa riziki ikaanza kutoa karatasi zenye alama za ajabu. Alikuwa amekimbia bei yetu ya Wi-Fi peke yake. Alipokuja tulilazimika kufuta kila kitu tuanze upya, na akalipa zaidi ya mara mbili. Hatukumcheka. Aliyemshauri ndiye tungependa kumwona.

Bei hiyo ya 20,000 wengine huona ni ya kuchomeka fleshi. Ile fleshi haikujijaza. Tunaweka draiva za mtandao za karibu kila kadi inayopita hapa Busia, mpya na za zamani, na tunazipakua upya toleo linapobadilika. Data ya kuzipakua tunainunua, na tangu Julai 2021 serikali hutoza ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Ushuru huo hauulizi kama unapakua draiva ya mteja au unatazama mpira. Ongeza Yaka, umeme wa kulipia kabla, na kodi ya chumba. Anayekufanyia kwa elfu tano chini ya mwavuli anaweza kuwa fundi mzuri sana, lakini muulize draiva zake amezitoa wapi.

Adapta za USB, zile ndogo kama ukucha, tunaziuza pia, na kwa haraka zinasaidia. Tatizo ni kwamba nyingi huja na kisahani cha CD, na laptopu za siku hizi hazina pa kukitia. Nyingine zina ujanja wa kujifanya CD zikichomekwa: Windows inafungua dirisha lenye programu ya kusakinisha, na mpaka uiendeshe hiyo, adapta haigeuki kuwa adapta. Watu huona CD wakadhani wameuziwa fleshi mbovu, wakairudisha dukani kwa kelele.

Shule moja ya sekondari nje ya mji ilinunua adapta za namna hii kwa chumba kizima cha kompyuta za mezani, kwa sababu usajili wa watahiniwa wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, hufanyika mtandaoni na kompyuta zao hazina Wi-Fi. Maboksi yalifanana yote, picha ileile, maandishi yaleyale. Mwalimu alisakinisha draiva ya CD kwenye kompyuta ya kwanza ikakubali, akaendelea na nyingine, baadhi zikakubali na baadhi zikagoma. Alidhani kompyuta zilizogoma ndizo mbovu. Tulipofika tukazisoma namba zao: baadhi VID_0BDA, yaani Realtek, na nyingine VID_148F, kabila jingine kabisa. Kiwanda kilibadilisha chipu bila kubadilisha boksi. Tuliandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila moja ni ya aina gani. Mwalimu mkuu alilalamikia bei yetu na nauli ya boda, akalipa, akatuita tena muhula uliofuata.

Kuna pia wale wanaoambiwa "kadi imeungua". Kabla hujanunua kadi, tazama Device Manager. Kadi ikionekana na alama ya njano na msimbo 28, maana yake draiva haipo, na kadi haijaungua popote. Msimbo 22 ni kwamba imezimwa tu, iwashe. Msimbo 10 unaweza kuwa draiva isiyofaa, lakini kwanza zima laptopu kabisa, chomoa chaja na betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 30 au zaidi, kisha washa. Umeme uliobaki ndani hutoka, na kadi iliyokwama mara nyingine huzinduka. Hii hatutozi, hata ukiifanyia kwenye benchi letu. Ni pale tu kadi isipoonekana kabisa, si kwa jina wala kwa alama ya njano, ndipo tunafungua kifuniko na kutazama kama imelegea au kama imezimwa kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows.

Bwana mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi hakutazama. Alivuka upande wa Kenya akanunua kadi, akaifunga mwenyewe, na laptopu ikakataa hata kufika kwenye Windows. Ilimwandikia namba 104 na kwamba kadi ile haikubaliki, ikasimama. Baadhi ya laptopu za zamani zina orodha ndani ya BIOS ya kadi zinazoruhusiwa, na isiyo kwenye orodha haipokelewi hata kama ni nzima. Na kadi za sasa za Intel kama AX201 hazifanyi kazi kwenye laptopu yenye prosesa ya AMD, ingawa tundu linaipokea vizuri, kwa sababu nusu ya kazi ya kadi hiyo iko ndani ya prosesa ya Intel. AX200 na AX210 hazina masharti hayo. Tofauti ya tarakimu moja au mbili, na pesa imekwenda. Tulimrudishia kadi yake ya kwanza, tukaipa draiva, na jioni ileile akatoa risiti zake za EFRIS, zile za kielektroniki za mamlaka ya mapato. Ile aliyonunua bado anayo, ikiwa kuna anayeihitaji.

Wanaotaka Windows 7 kwa sababu ya programu yao ya hesabu ya zamani: tutawaambia hapana kwenye laptopu mpya. Haina hata draiva za USB 3.0, mausi yenyewe inaweza isitembee, na Microsoft iliiacha tangu Januari 2020.

Kwa nini basi kuweka Windows kwetu ni 50,000 wakati kwingine ni 25,000? Kwa sababu sisi hatufuti kabla ya kutoa draiva. Laptopu ikiwa bado inawaka, tunafungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika

dism /online /export-driver /destination:E:\draiva

ambapo E ni fleshi na draiva ni folda tuliyoitengeneza kwanza. Draiva zote ambazo hazikuja na Windows zinanakiliwa humo. Baada ya Windows mpya tunaielekeza Device Manager kwenye folda hiyo, na Wi-Fi inarudi bila intaneti na bila kubahatisha. Za Windows 10 ya biti 64 kwa kawaida zinakubali kwenye Windows 11. Za biti 32 hazikubali. Folda hiyo tunakupa uende nayo. Unaweza kuifanya amri hiyo leo nyumbani, laptopu ikiwa nzima, na siku ya kufomati umpe fundi yeyote umtakaye, hata yule wa mwavuli.

Tunafunga Jumapili. Ukija, njoo na chaja, na kama ilishafutwa mahali pengine tuambie ilifutwa kwa fleshi ya nani. Hatutamwambia.