Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Baraza la Parokia: naomba ufunguo wa kishamba namba 14

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu na heshima zote. Kwa Kiingereza nimekuandikia mara nne, na mara nne nimejibiwa kwamba barua yangu imepokelewa. Hii ya tano naiandika kwa Kiswahili, hadharani, angalau na wengine waipokee.

Jumamosi nimekuta mlangoni kijitabu chenu kipya cha historia na huduma za parokia yetu hii ya pembezoni mwa Reading. Karatasi inang'aa kweli. (Ndugu wasomaji wa nyumbani, msichanganyikiwe: parokia hii haina padri. Ndiyo serikali ya chini kabisa huku Uingereza, kama serikali ya kijiji, na mabaraza yake yalianzishwa kwa sheria ya 1894. Kodi yake ina mstari wake kwenye bili yangu, na mstari huo haujawahi kusahaulika.)

Historia nimeisoma yote. Mmeeleza malisho ya wote yalivyozungushiwa ua, maskini wakabaki bila pa kulima, na hivi vishamba vya kukodi, alotimenti, vilivyokuja baadaye kuwafuta machozi. Mmeisifu na kampuni ya mbegu ya Suttons, iliyoanzia Reading mwaka 1806. Hongereni. Mji ulioiuzia dunia mbegu, na mimi mwaka wa sita huu sina pa kupanda hata punje.

Kilichonimaliza ni ukurasa wa huduma. Uwanja wa watoto, ukumbi, halafu picha ya vishamba na maneno "kwa wakazi wote". Mheshimiwa, picha hiyo uliitazama? Kushoto, nyuma ya bibi mwenye kofia, kuna kibanda kilichoinama, miiba imekwea hadi kwenye paa. Hicho ndicho namba 14. Nakijua kwa sababu kila asubuhi nikitoka zamu ya usiku nasimama pale kwenye wavu nakitazama. Misimu mitatu hakijaonja jembe. Labda mwenyewe amehama, labda amefariki, labda ni jamaa wa mtu huko ofisini. Nakisia tu, maana anayejua hasemi.

Mei mwaka juzi, kwenye mkutano mkuu wa parokia, uliniambia mwenyewe, kikombe cha chai mkononi, kwamba baridi ikiisha nitapata. Baridi ya mwaka gani hukutaja, na kosa ni langu, sikuuliza.

Sheria ya vishamba ya 1908 inasema wapiga kura 6, au walipa kodi 6, wakiandika kuomba, baraza lazima lilitafakari ombi lao. Sisi tulikuwa 9. Bado mnatafakari?

Mama yangu ni mtu wa Lushoto, maisha yake yote amelima matuta mlimani. Sasa yuko nami ghorofa ya tatu, analima mchicha na mnavu kwenye ndoo za rangi kibarazani. Wiki iliyopita mwenye nyumba ametuandikia ndoo zitoke kabla ya mwisho wa mwezi. Juzi nimerudi kazini nikamkuta amekaa sakafuni, anang'oa miche mmoja mmoja na kuifunga kwenye gazeti lililoloweshwa maji. Nikamuuliza, mama, unaipeleka wapi? Akasema, "Si ulisema yule mzee wa baraza ameahidi?"

Sikuwa na jibu. Wewe unalo?

Sitaki kijitabu kingine. Miiba nitaikata mwenyewe, kibanda nitakinyoosha mwenyewe, pango nalipa hata leo. Nataka ufunguo wa geti na ruhusa ya namba 14. Kama 14 kina mwenyewe, basi chochote, hata kile cha bondeni kinachotuama maji. Lakini 14 hakina mwenyewe, Mheshimiwa, nakiona kila siku.

Miche iko kwenye gazeti. Haitafika Jumatatu.

Wako mtiifu,
Mkazi namba 31 kwenye orodha ya kusubiri (mwaka jana nilikuwa wa 29)